Mtoto Aliyenyamaza



Wiki iliyopita nilimsindikiza mdogo wangu kliniki. Mwanawe ametimiza miezi tisa, na miezi tisa, kama kila mzazi ajuavyo, ni zamu ya sindano ya surua. Tulikaa foleni tangu saa mbili asubuhi. Zamu yetu ilipofika mtoto akapimwa uzito, akachomwa, akapiga ukelele uliosikika hadi getini. Mama yake akamkumbatia, akamnong'oneza, kisha akamfunga mgongoni kwa kanga na kuanza ule mwendo wa kupembeza ambao hakuna anayekumbuka alifundishwa na nani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa benchi la nyuma, akamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, mteremshe huyo. Ukimzoesha mikono atadeka, hutafanya kazi." Akamwonyesha mtoto mwingine aliyekaa mwisho wa benchi, mkubwa kidogo kuliko wetu. Huyo naye alikuwa amechomwa, na hakulia. Hakumtazama mtu. Alikuwa akichezea ncha ya kadi yake ya kliniki. "Huyo ndiye mtoto," akasema yule mama. "Katulia. Hana taabu."

Neno hilo, katulia, limenikaa kichwani wiki nzima. Yule mtoto simjui, na dakika kumi kwenye benchi hazitoshi kumhukumu yeye wala mama yake. Huenda ni mpole tu, maana watoto hawazaliwi na tabia moja. Lakini katika yote niliyowahi kusoma kuhusu saikolojia, hakuna swali lililonishika kama hili: kati ya mtoto anayelia na mtoto aliyenyamaza, yupi ana amani zaidi moyoni?

Wengi wetu tukisikia saikolojia huwaza wagonjwa wa akili, au mtu wa ajabu anayeweza kukusoma moyo kwa kukutazama usoni. Saikolojia ni elimu inayochunguza jinsi mtu yeyote, mimi na wewe, anavyohisi, anavyofikiri na anavyotenda, na kwa nini iwe hivyo. Na mmoja wa misingi yake ya awali ni kwamba kinachoonekana nje ya mtu si lazima ndicho kilichomo ndani. Msingi huo unaonekana wazi kuliko popote kwa mtoto mchanga, kwa sababu yeye hana maneno ya kutueleza wala ya kutuficha.

Na habari yenyewe, msikilizaji, sehemu yake kubwa ilianzia hapahapa Afrika Mashariki. Ilianzia Buganda.

Mwaka 1954 alifika Kampala mtaalamu wa saikolojia aitwaye Mary Ainsworth. Alizaliwa Marekani mwaka 1913 na kukulia Toronto, Kanada. Alikuja akimfuata mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi iliyomngoja. Basi akaitafuta. Akajifunza Kiganda, akapata mkalimani, akaenda katika vijiji vya jirani na mji na kuomba ruhusa ya kuwatembelea kina mama wenye watoto wachanga. Familia 26 zilikubali, na watoto walikuwa 28. Kwa miezi kadhaa akawa anapita nyumba kwa nyumba, kila baada ya wiki mbili hivi, anakaribishwa sebuleni mchana, anakaa kama saa mbili, anazungumza na mama na kumtazama mtoto. Hakuwa na mashine wala maabara. Alikuwa na macho yake, daftari na subira.

Jambo lililompeleka vijijini halikuwa lile alilolipata. Alikuwa amesikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa humpeleka kwa bibi yake. Desturi hiyo si ngeni kwetu. Ni wangapi wanaonisikiliza sasa hivi waliopakiwa shubiri kwenye ziwa la mama, na kabla uchungu haujatoka mdomoni wakajikuta wanalala kwa bibi? Ainsworth alitaka kuona mtoto anayetengwa ghafla namna hiyo anapatwa na nini. Alipofika akakuta kina mama wengi aliowatembelea wameshaiacha desturi hiyo. Swali lake likamponyoka. Wapo watafiti ambao wangefunga daftari na kurudi mjini. Yeye alibaki, akaendelea kutazama, na hilo ndilo ninalomheshimia zaidi.

Aliona kitu ambacho kila mwanamke kijijini alikuwa akikiona kila siku bila kukipa jina. Mtoto aliyeanza kutambaa hutoka mapajani mwa mama, huenda kuchunguza kitu, kisha hugeuka kumtazama mama. Mama yupo. Basi huenda mbele zaidi. Hurudi, humgusa mama kidogo, hutoka tena. Mama akiinuka na kutoka chumbani, uchunguzi wote huishia hapo. Vitu vilevile vilivyokuwa vikimvutia dakika moja iliyopita havina maana tena. Mtoto hulia, au humfuata mama mlangoni. Ainsworth aliona kwamba mama alikuwa kwa mtoto kama bandari kwa chombo. Nahodha anayeijua bandari yake na kuamini kwamba haitahama ndiye anayethubutu kutweka tanga. Asiye na hakika ya bandari hufunga chombo gatini, akiichungulia bahari tu.

Hapa ndipo ule ushauri wa kliniki unapokutana na ushahidi. Tumezoea kuamini kwamba ukaribu humfanya mtoto kuwa tegemezi, na kwamba ujasiri hupatikana kwa kumwacha ajizoeze mwenyewe. Vijiji vya Buganda vilionyesha kinyume. Kati ya wale watoto 28, Ainsworth aliwahesabu 16 kuwa wenye imani thabiti kwa mama zao. Hao hawakulia sana mama alipokuwapo, nao ndio waliocheza na kuchunguza kwa raha. Saba walikuwa na wasiwasi. Hao walilia hata mama akiwa karibu, wakimganda bila kupata utulivu. Watano walikuwa bado hawajaonyesha dalili ya kumtofautisha mama na watu wengine. Aliyeganda hakuwa yule aliyeshiba mapenzi. Alikuwa yule asiyejua kama mapenzi yatakuwapo akiyahitaji.

Ni nini kilichowatofautisha mama hawa? Hapa nawaomba kina mama na kina baba mnisikilize vizuri. Haikuwa kwamba baadhi waliwapenda watoto wao na wengine hawakuwapenda. Kwa uchangamfu na mapenzi, Ainsworth hakuona tofauti kubwa. Kilichojitokeza ni kwamba mama wa watoto wenye imani walikuwa wasimulizi wazuri wa watoto wao. Ukimuuliza mama kama huyo habari za mwanawe, anakueleza kinaganaga: akilala anapenda kushikwa hivi, akichoka husugua jicho la upande huu, kilio cha njaa ni hiki na cha usingizi ni kile. Mama wengine wakiulizwa waliingia katika mambo mengine, au hawakuwa na mengi ya kusema. Aliyemtazama mtoto kwa makini aliielewa lugha yake isiyo na maneno, na kwa kuielewa aliweza kuijibu.

Ili kuona uzito wa ugunduzi huo inabidi turudi nyuma kidogo, London, alikotoka Ainsworth kabla ya kuja Kampala. Huko alifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby. Bowlby alikuwa mtoto wa familia ya kitajiri ambayo watoto wake waliwaona wazazi kwa muda mfupi tu kwa siku. Aliyemlea hasa ni yaya wake. Yaya huyo aliondoka Bowlby akiwa na umri wa karibu miaka minne, na Bowlby alipokuwa mtu mzima alisema uchungu wake ulikuwa kama wa kufiwa na mama. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliopoteza makao baada ya vita, akaeleza kwamba mtoto anahitaji uhusiano wa kudumu na mlezi wake kama anavyohitaji chakula.

Ofisini kwao alikuwamo pia James Robertson. Huyu alitumwa kuwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini. Siku hizo Uingereza wazazi hawakuruhusiwa kukaa na watoto wao wodini. Hospitali nyingi ziliruhusu kutembelewa mara moja kwa wiki, na nyingine hazikuruhusu kabisa kwa majuma ya mwanzo. Sababu waliyotoa ni kwamba mama akija, mtoto hulia. Asipokuja, mtoto hutulia.

Robertson alikaa wodini akatazama huko kutulia kunavyopatikana. Kwanza mtoto hulia kwa nguvu zake zote, huita, hutikisa kitanda, hukataa wauguzi. Anaamini mama atasikia. Siku zikipita kilio hupungua, mtoto hunyong'onyea, hulala akitazama ukuta, hata chakula hakimvutii. Kisha siku moja huinuka, hula, huwachekea wauguzi wote bila kuchagua. Wauguzi hufurahi na kusema amezoea. Lakini mama anapofika, mtoto hamkimbilii. Humtazama kama mpita njia, au hugeuza uso. Hatua ya tatu, ile iliyoonekana kuwa nafuu, Robertson aliiona kuwa ndiyo ya hatari zaidi. Mtoto alikuwa ameacha kungoja.

Madaktari hawakumwamini, basi mwaka 1952 akatoa filamu ya msichana wa miaka miwili na nusu hivi, aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu. Mtoto mwenyewe alikuwa mstahimilivu, halii ovyo. Na hiyo ndiyo nguvu ya filamu: unaona uso wa mtoto mdogo ukipigana na machozi, siku baada ya siku, na unamwona mama akifika na binti yake akisitasita kumwendea. Ilipoonyeshwa kwa madaktari, wengi walikasirika, wakaona wametukanwa. Ilichukua miaka. Mwaka 1959 kamati ya serikali ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote. Leo mama anayelala na mwanawe wodini anaona ni jambo la kawaida. Kuna watu waliopigania hilo, na silaha yao ilikuwa kutazama kwa makini uso wa mtoto aliyesemwa katulia.

Huenda unajiuliza: je, mtoto hampendi mama kwa sababu ya maziwa tu? Hata wanasayansi wengi waliamini hivyo zamani. Mwaka 1958 Harry Harlow wa Marekani alieleza majaribio aliyofanya kwa vitoto vya nyani. Alivitenga na mama zao, akavipa sanamu mbili. Moja ilikuwa ya waya mtupu, yenye chupa ya maziwa. Nyingine ilivikwa kitambaa laini, haina maziwa. Vitoto vilikwenda kwenye waya kunyonya tu, vikarudi kukumbatia kitambaa sehemu kubwa ya siku. Kilipowekwa kitu cha kutisha, vilikimbilia kitambaa, vikajisugua hadi hofu ikatoka, kisha vikageuka kukitazama kile kitu. Yalikuwa majaribio ya kikatili, na sioni sababu ya kuyapamba. Baadhi ya nyani wale hawakupona kamwe. Lakini yalijibu swali. Naye Ainsworth alikuwa tayari amekutana na jibu hilo bila kumtesa mnyama wala mtu, kwani aliona watoto wa Kiganda waliomshangilia baba, ambaye hakuwa na ziwa la kumpa mtu.

Baada ya Uganda, Ainsworth alihamia mji wa Baltimore, Marekani. Akarudia kazi ileile kwa familia 26 za huko, tangu mtoto anapozaliwa hadi mwaka wa kwanza. Lakini watoto wa Baltimore walizoea kumwona mama akitoka na kuingia chumba hadi chumba, hawakustuka kirahisi kama wale wa vijijini Buganda. Basi akabuni jaribio dogo la dakika kama ishirini, ambalo limekuwa maarufu duniani. Mama na mtoto wanaingizwa katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Anaingia mtu asiyejulikana. Mama anatoka, anarudi. Anatoka tena, mtoto anabaki peke yake kidogo, mgeni anaingia, kisha mama anarudi.

Wengi hudhani kilichopimwa ni kilio mama anapoondoka. Sicho. Kinachotazamwa hasa ni kurudi. Watoto wengi hulia, mama akirudi humkimbilia, hubebwa, hutulizwa, na baada ya muda mfupi hurudi kwenye michezo. Hao wana bandari. Wengine hulia sana, na mama akirudi hunyoosha mikono wabebwe huku wakimpiga mateke na kukataa kubembelezwa. Wanamtaka na wanamkasirikia. Na wapo wa kundi la tatu. Mama akitoka hawalii. Akirudi hawainui hata macho. Wanaendelea na kigari chao. Mtu akiingia chumbani wakati huo atasema: huyu ndiye mtoto, katulia, hana taabu.

Mwaka 1977 watafiti wawili, Alan Sroufe na Everett Waters, walitoa matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya watoto katika jaribio hilo. Wale walioonekana kutojali walikuwa na mioyo iliyokwenda mbio kama ya wenzao waliokuwa wakipiga kelele. Uso umetulia, moyo unagonga kifuani. Mtoto wa mwaka mmoja, asiyejua kusema sentensi moja, tayari amejifunza kuficha. Naye Ainsworth na wenzake walipozitazama kumbukumbu za ziara zao za nyumbani walikuta watoto wa namna hiyo mara nyingi ni wale ambao mama zao hawakupenda kuwabeba, au waliwaepuka pale walipohitaji kufarijiwa. Mtoto alikuwa amejifunza kwamba ukionyesha uchungu unasukumwa mbali. Basi anaubana, ili angalau awe karibu.

Nikisoma hayo humkumbuka yule wa kwenye benchi. Narudia kwamba simjui. Lakini sitaki tena kumsifu mtoto kwa kuwa hakulia.

Silvia Bell akishirikiana na Ainsworth walitoa pia, mwaka 1972, matokeo ya hesabu ya vilio vya watoto wale wa Baltimore. Wale ambao vilio vyao viliitikiwa upesi miezi ya mwanzo ndio waliolia kidogo zaidi walipokaribia mwaka. Wapo wataalamu waliopinga namna hesabu ilivyofanywa, na mjadala uliendelea kwa muda. Mimi naona inaendana na kila kitu kingine tulichokisikia. Mtoto aliyejibiwa hujifunza kwamba sauti yake ina kazi, na mwenye sauti yenye kazi hana haja ya kupiga kelele.

Kuna mahali ambapo jambo hili lilionekana kwa ukubwa wa kutisha. Utawala wa Rais Ceaușescu ulipoanguka Romania mwezi Desemba 1989, dunia iligundua maelfu ya watoto waliokuwa wakilelewa katika makao ya serikali, vitanda kwa safu, walezi wachache, zamu zikibadilika. Watu waliotembelea vyumba hivyo walisimulia kitu kimoja kilichowashtua: ukimya. Chumba kizima cha watoto wachanga, na hakuna anayelia, maana kilio hakikuwahi kumleta mtu. Miaka ya 2000 ilipoanza watafiti wa Marekani pamoja na wenzao wa Bucharest waliwafuatilia watoto 136 wa makao hayo. Kwa kura, nusu walipelekwa katika familia za kuwalea, na nusu waliendelea na malezi yaliyokuwapo. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, katika akili na katika moyo, hasa waliozipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Hata shughuli za umeme wa ubongo zilionyesha tofauti. Mtoto anaweza kushibishwa, kuogeshwa na kuvalishwa, na bado akapungukiwa kitu ambacho ubongo wenyewe unakihitaji ili ukue.

Najua kuna mama ananisikiliza na moyo wake umeanza kusononeka. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi soko, anarudi mtoto amelala. Mama yangu, subiri kidogo. Hapa ndipo nadharia hii iliposahihishwa, na iliyoisahihisha ni Afrika.

Bowlby na wenzake waliweka mzigo wote kwa mama mmoja, kama vile mtoto amezaliwa kwenye kisiwa chenye watu wawili. Sisi tunajua hatukulelewa hivyo. Watafiti waliokwenda kwa Wakisii wa Kenya waliwatazama watoto waliokuwa wakilelewa na mama pamoja na walezi wao wa mchana, mara nyingi dada zao wakubwa kidogo. Matokeo yaliyotoka mwaka 1986 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na imani thabiti kwa mama, na zaidi ya nusu walikuwa na imani thabiti kwa mlezi. Uhusiano wa mtoto na mama ulikwenda sambamba na lishe yake. Uhusiano wake na mlezi, yule aliyecheza naye mchana kutwa, ulikwenda sambamba na maendeleo yake ya akili. Na kuna jambo dogo pale ninalolipenda sana. Mtoto wa Baltimore akitaka kumpokea mama hunyoosha mikono akumbatiwe. Wa Kikisii alizoea kupewa mkono. Kwa hiyo mama aliporudi, mtoto mwenye imani alimtolea mkono wa salamu. Mapenzi yaleyale, adabu ya kwao.

Na huko Ituri, Kongo, watoto wachanga wa jamii ya Waefe wanapita mikono mingi kwa siku moja, na hunyonyeshwa hata na wanawake wasiowazaa, bila kukosa kumtambua mama. Kwa hiyo mtoto hana shida ya kuwa na bandari mbili au tatu. Bibi ni bandari. Shangazi ni bandari. Baba ni bandari, na akina baba wasijifiche nyuma ya neno mama. Yule dada wa kazi unayemwachia mtoto kutwa nzima, kwa mtoto yeye si mfanyakazi, ni mtu wake. Unapomfukuza leo kwa sababu ya kijiko kilichopotea, unaleta mwingine Jumatatu, na mwingine tena mwezi ujao, mtoto anafiwa mara tatu na hakuna anayempa pole. Ukimtunza dada huyo, ukamlipa kwa wakati, ukamheshimu akakaa, umemtunza mwanao.

Ndiyo maana pia sikushangaa mwaka 2023, wakati Kamishna wa Elimu wa Tanzania alipotoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Wazazi wengi walilalamika, na baadhi walikuwa na sababu za kweli za kazi na umbali. Lakini mtoto wa miaka mitano anayeacha kulia wiki ya pili bwenini, tumwulize Robertson yuko hatua gani.

Niseme pia kwamba utoto haumfungi mtu milele. Watu hupata bandari ukubwani: kwa mwalimu, kwa rafiki, kwa mwenzi wa ndoa. Ni kazi, na huchukua muda, lakini hutokea, na wengi wetu tumeshuhudia.

Nimalizie kwa jirani yangu mmoja. Alikwenda Ghuba kufanya kazi za ndani, mwanawe akiwa na mwaka mmoja na nusu. Alimwachia bibi. Alituma hela kila mwezi bila kukosa, akapiga simu ya video kila alipopewa nafasi, na mtoto akajifunza kumwita mama yule aliyemo kwenye kioo. Baada ya miaka miwili akarudi. Tulikwenda kumpokea, nyumba imejaa, masanduku sebuleni. Akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akakimbilia nyuma ya gauni la bibi na kukamata kitambaa kwa ngumi zote mbili. Mama yule akalia mbele za watu. Akaniambia baadaye usiku, "Hanipendi. Nimempoteza kwa ajili ya nyumba ya matofali."

Nilimwambia ninachowaambia ninyi. Mtoto anayejificha nyuma ya bibi ana mtu wa kujificha nyuma yake, na hiyo ni kazi nzuri aliyoifanya bibi. Asimvute. Asimnunue kwa pipi. Asimwondoe bibi ili abaki yeye peke yake. Akae sakafuni pale mtoto anapocheza, siku nyingi, kwa wakati uleule, amtazame, ajifunze kilio cha njaa na cha usingizi kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu.

Alifanya hivyo. Siku ya kumi na moja au kumi na mbili nilikuwa kibarazani kwao. Mama amekaa kwenye jamvi anachambua mchele, bibi yuko kwenye kiti chake. Mtoto akaokota kijiwe uani, akakitazama, akamwangalia bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akaja taratibu, akakiweka kile kijiwe kiganjani mwa mama yake, akakimbia kurudi magotini kwa bibi. Mama hakumfuata. Alikifumbata kijiwe, akangoja. Kwa muda mtoto alimchungulia kutoka pale. Kisha akaenda uani kutafuta kingine.